Kuweka tairi pana na kurefusha uma wa nyuma kwenye pikipiki ya zamani: nianze wapi?

Mvuvi wa Nchi Kavu

Wakuu, salaam. Wazee wangu, shikamooni.

Nina pikipiki ya Kichina ya mwaka 2009, cc 125, injini ya zile za fimbo (fimbo ndizo zinazosukuma valvu) zilizoigwa kwenye Honda CG. Jina la kiwandani lilishafutika kwenye tangi. Lililobaki ni moja nililoandika mwenyewe kwa rangi ya mlango: SUBIRA. Injini nimeifungua mara mbili tu, pistoni na ringi, basi. Kwa hiyo atakayeniambia "nunua mpya" nitamjibu kwa heshima, lakini nitamjibu.

Kazi yake ni hii. Mimi na mke wangu tunanunua pweza na samaki vijiji vya kusini mwa mto Pangani, tunavuka kwa pantoni, tunapeleka Tanga mjini. Mke wangu ndiye mnunuzi. Siku za bamvua, maji yakikauka, kina mama wanashuka mwambani na vijiti vyao, na yeye anawangoja ufukweni na mizani. Wanamwamini yeye, si mimi. Mimi ni dereva. Na tangu mwaka jana ni msukumaji, ndiyo maana niko hapa.

Shida ya kwanza ni mchanga. Kutoka pale wanapopandia kina mama hadi barabarani ni kama kilomita mbili za mchanga mweupe chini ya minazi. Tairi langu la nyuma ni 3.00-18, yaani upana inchi 3, rimu inchi 18. Likiingia pale likiwa na mzigo linajizika kama kaa aliyesikia watoto wa shule. Ninaweka gia ya kwanza, klachi inanuka, mke wangu anashuka, tunasukuma, barafu inayeyuka.

Shida ya pili ni uzito wa nyuma. Sanduku langu la mbao, lenye fomu ya kuzuia joto ndani, likijaa na barafu ni kilo 80. Linakaa juu ya karieri, na karibu lote liko nyuma ya ekseli. Maji ya mto yakiwa chini, ngazi ya pantoni inakuwa na mwinuko, na gurudumu la mbele linanyanyuka. Mwezi uliopita lilinyanyuka kweli kweli. Nikajikuta nimening'inia kwenye usukani, mke wangu amekaa juu ya sanduku, sanduku limekaa juu ya ngazi, na kilo kama nne za pweza zimerudi mtoni. Watu walicheka mpaka tulipofika ng'ambo. Yeye hakucheka.

Mawazo yangu ni mawili. Moja, nifunge tairi la 110/90-18, lile la kashata lenye meno makubwa. Pili, nirefushe uma wa nyuma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, kwa sentimita 8 ili ekseli isogee na sanduku likae juu ya gurudumu, siyo nyuma yake. Kijana mmoja mchomeleaji ameniambia ni kazi ya nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Vipimo nimechukua kwa rula ya mwanangu:
Nafasi kati ya mikono miwili ya uma, pale tairi linapopita: milimita 128.
Kutoka katikati ya tairi hadi ubavu wa ndani wa cheni: milimita 58.
Sproketi ya mbele meno 15, ya nyuma 38. Cheni ni 428.
Rimu imegongwa 1.60x18.
Kutoka bolti ya uma hadi ekseli: sentimita 45. Shokapu zimeshika kwenye sentimita 43.
Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma: sentimita 127.

Msiniambie ninunue guta. Njia ya minazini haipitishi guta, na pale penye mikoko hata mbuzi hupita mmoja mmoja.

---

Kijana wa Kange

Weka tu mzee baba. Mimi nimeweka pana kwenye yangu, inakaa kama simba. Nusu saa nyingi sana, mwambie akufanyie dakika ishirini. Picha tafadhali ukimaliza 🔥

---

Mzee Spoki, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Na wewe wa Kange, pikipiki yako inabeba nini zaidi ya spika?

Nimesuka spoki tangu enzi za pikipiki za miradi, zile Suzuki na Yamaha za mabwana shamba. Umefanya jambo ambalo wateja wangu tisa katika kumi hawalifanyi: umepima kabla ya kununua. Basi twende kwa vipimo vyako.

Tairi la 110/90-18 lina upana wa milimita 110, sawa? Nusu yake ni 55. Cheni yako iko 58 kutoka katikati. Zinabaki 3. Tairi linapozunguka kwenye mzigo linacheza zaidi ya hapo, na kashata meno yake ya pembeni hutokeza kupita ubavu. Utakula tairi kwa cheni, au cheni kwa tairi, kimoja kati ya hivyo kitatangulia. Watu hudanganyana kuweka washa, yaani pete za chuma, nyuma ya sproketi ili cheni itoke nje. Ukiisogeza ya nyuma bila ya mbele, cheni inakwenda upande, inatafuna meno, na siku moja inaruka ikiwa njiani. Pikipiki za hivi sproketi ya mbele haina pa kusogea.

Chukua 100/90-18. Nusu yake 50, zinabaki 8. Hiyo ninaweza kulala nayo usingizi.

Sasa rimu. 1.60 yako ni ya tairi la 3.00. Ukilivisha rimu hiyo tairi la 100, mdomo wake unabanwa, linakuwa duara kama mpira wa miguu, linakanyaga kwa ukanda mwembamba katikati, na pembeni linayumba. Umenunua upana halafu umeufunga kamba. Tafuta rimu ya 2.15. Habu yako hiyo hiyo, spoki 36, nitakusukia mwenyewe.

Halafu kimo. Watu huangalia upana, kimo wanakisahau. 3.00-18 ina kimo cha kama milimita 617 kutoka chini hadi juu. 100/90-18, ile 90 ni asilimia ya upana, hesabu yake ni 457 ya rimu, ongeza 90 juu na 90 chini: 637. Ile uliyoitaka wewe ingefika 655. Gurudumu likiwa refu, gia zote zinakuwa nzito. Kwa 637 umepoteza kama asilimia 3 ya nguvu ya kuvuta, kwa 655 ungepoteza 6, na wewe tayari klachi inanuka. Kwa hiyo toa sproketi ya 38, weka ya 42. Utarudisha ulichopoteza na kupata asilimia 7 juu yake. Kasi ya mwisho itapungua, lakini sidhani kama pweza analalamikia kasi.

Kwa nini nisikuambie upunguze la mbele, 15 kuwa 14, ambalo ni rahisi kwa bei? Kwa sababu cheni ikizunguka kwenye sproketi ndogo inapinda zaidi, na pikipiki yako inafanya kazi kwenye mchanga wa chumvi. Cheni yako inakufa mapema hata bila msaada wangu.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo. Mchanga haujui tairi lako lina upana gani. Unajua upepo uliomo ndani. Gurudumu lako la nyuma mkiwa wawili na sanduku linabeba kama kilo 200, yaani pauni 440. Ukijaza upepo wa pauni 30 kwa kila inchi ya mraba, tairi linakaa chini kwa inchi za mraba kama 15, liwe jembamba liwe pana. Ukipunguza hadi 18, linakaa kwa inchi 24 hivi. Hapo ndipo linaelea. Faida ya tairi pana ni kwamba *linakuruhusu* kupunguza upepo bila rimu kuung'ata tyubu. La 3.00 likiwa na pauni 18 na kilo 200, utapiga jiwe moja na kupata matundu mawili sambamba kwenye tyubu, nakuhakikishia.

Angalia na ubavuni mwa tairi lako la sasa. Pana namba na herufi, mara nyingi 47P. Hiyo 47 maana yake ni kilo 175. Umekuwa ukilizidishia mzigo siku zote, na tena ukilipunguzia upepo unalizidishia mara mbili. 100/90 nyingi zimeandikwa 56, kilo 224. Na hiyo ni kwa upepo kamili. Kwa upepo mdogo ni mchangani tu, mwendo wa mguu, mama ameshuka. Ukifika barabarani unajaza. Nunua pampu ya mkono, ifunge kwenye fremu.

Habari ya uma nitarudi baada ya Isha.

---

Binti Makorora

Nipo dukani vipuri hivi navishika kila siku, naongeza machache.

Kaka, ukienda kununua tairi usikubali kuuziwa na tyubu ya 3.00 "inaingia tu". Inaingia kweli, ila inavutika, inakuwa nyembamba kama puto, na kwenye joto la pwani inavuja bila msumari. Dai ya kipimo cha tairi.

Rimu hesabu matundu kabla hujatoka dukani, zipo za 32 na 36 na zinafanana machoni. Za alumini hazili kutu, lakini kwa mzigo wako na mawe yale mimi ningechukua chuma, halafu kila ukirudi uimwagie maji baridi. Maji ya kisima, siyo ya bahari, nasema kwa sababu nimeona mtu.

Na ukipunguza upepo kama mzee alivyosema, tairi huteleza juu ya rimu kidogo kidogo na kuburuta tyubu. Ile nati ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu. Irudishe juu igote kifuniko. Siku utakapoona valvu imelala upande, ujue tairi limetembea, toa upepo ulirudishe. Ukiwa umeikaza hutaona kitu hadi valvu ing'oke shinani, na hapo hakuna kiraka.

Halafu mpe pole dada. Kukaa juu ya sanduku mbele ya pantoni nzima!

---

Mzee Spoki, Ngamiani

Nimerudi. Binti kasema kweli kuhusu valvu, hilo nilikuwa nimelisahau.

Uma. Kwanza hesabu ya kwako mwenyewe. Sanduku lina kilo 80, kitovu chake kiko wapi nyuma ya ekseli? Tuseme sentimita 15. Kwa pikipiki ya sentimita 127 linanyanyua kama kilo 9 na nusu kutoka gurudumu la mbele, hata ukiwa tambarare. Ukirefusha uma kwa 8, inabaki kama 4 na kitu. Ukisogeza *sanduku* mbele kwa sentimita 15, bila kukata chuma chochote, inabaki sifuri. Fikiria hilo kwanza.

Ukiona lazima urefushe, usirefushe milimita 80. Refusha 76. Pingili moja ya cheni ya 428 ni milimita 12.7. Ekseli ikirudi nyuma 76, cheni inataka 152 zaidi, yaani pingili 12 kamili. Meno manne uliyoongeza kwenye sproketi yanataka pingili 2. Jumla 14, shufwa, kiungo cha cheni kinaingia bila hila, na ekseli inabaki katikati ya mpasuo wake wa kurekebishia.

Halafu shokapu. Hizi zimeshika sentimita 43, na ekseli ilikuwa 45. Ikiwa 52.6, gurudumu linapata wenzo mrefu dhidi ya springi zile zile. Ugumu unaousikia gurudumuni unapungua kwa zaidi ya robo. Pikipiki yako itakaa chini kama bata, tairi refu ulilolifunga litagonga madigadi, na mbele kutanyanyuka kwa sababu nyuma kumelala. Umeondoa ugonjwa kwa mlango, ukaurudisha kwa dirisha. Itabidi uhamishe na vishikio vya shokapu, au ununue nzito zaidi.

Fimbo ya breki nayo irefuke kwa 76. Na kile chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke, ndicho wengi wanachokisahau. Kikiwa kifupi au kimefungwa kwa bolti mbovu, siku ukibana breki sahani inazunguka, fimbo inajikunja, gurudumu linasimama ghafla.

Kuchomelea: bomba haliunganishwi uso kwa uso. Linaingizwa bomba lingine ndani, refu, linapita sentimita 5 kila upande wa maungio. Kata mshazari au mdomo wa samaki, usikate wima, ili mshono usikae mahali pamoja panapopinda. Toboa matundu pembeni ujaze chuma ili bomba la ndani lishikane. Uma utolewe kwenye pikipiki. Usimwagie maji ukiwa wa moto. Na usikubali achomelee bila kufunga ekseli mahali pake kwenye kiunzi, kwa sababu chuma kikipoa kinavuta, mkono mmoja utakuwa mfupi na pikipiki itatembea kama kaa. Hayo yote kwa nusu saa?

---

Kijana wa Kange

Mzee umeniambia nina spika 😂 ni kweli lakini. Ila kwa hiyo yangu niliyoweka 110 kwenye rimu ya zamani nifanye nini? Inayumba nikifika 70.

---

Mzee Spoki, Ngamiani

Njoo nayo. Usije nayo kwa 70.

---

Baharia Mstaafu

Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Raskazone, nilikaa Tromsø, kaskazini kabisa ya Norway, misimu minne baada ya kuacha meli. Naona swali hili nimelisikia tayari, ila huko lilikuwa la theluji.

Wana pikipiki za theluji, mbele vigogo viwili vya kutelezea, nyuma mkanda wa mpira badala ya gurudumu. Za Ski-Doo alizianza Bombardier huko Kanada mwaka 1959. Za kizamani nyingi mkanda wake ni inchi 15 kwa upana na 121 kwa mzunguko mzima. Theluji mpya ikianguka, laini, zinajizika kama ya kwako mchangani. Jirani yangu alikuwa na moja ya kizamani ya hivyo, akataka mkanda wa 136, na upana wa 20 kama za kazi.

Upana ulimshinda mlangoni. Mkanda unazunguka ndani ya handaki la bati chini ya kiti, na handaki la 15 haliwi la 20 kwa kusali. Ni ile ile 128 yako na 58 yako.

Urefu aliuweza, lakini tazameni aliyoyapitia. Mkanda una vifungu vinavyoshikwa na meno ya mhimili, na umbali kati ya kifungu na kifungu lazima ulingane na meno, kwake ilikuwa inchi 2.52. Wa kipimo kingine ungetafunwa siku ya kwanza. Akarefusha reli za chini zinazobeba mkanda. Akarefusha na bati la nyuma, la sivyo theluji ingemrukia mgongoni. Halafu ikawa nzito kuvuta, akabadilisha sproketi kwenye kasha la cheni, ndogo juu. Baada ya yote hayo ilielea vizuri mno, ila kukata kona ikawa mbishi, inataka kwenda moja kwa moja kama jahazi lililojaa makuti.

Mvuvi, njia yako ya minazi ina kona ngapi?

Nyongeza: jirani yule alianza kwa kuhamisha sanduku la zana kutoka nyuma, akaona nafuu, lakini mkanda alikuwa ameshalipia.

---

Mvuvi wa Nchi Kavu

Wazee wangu, nawashukuru. Nimesoma kwa sauti nyumbani, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Mzee Spoki anasema nisogeze sanduku mbele sentimita 15. Sentimita hizo 15 zina mwenyewe. Ni za mke wangu. Nikisogeza sanduku, yeye anakaa wapi? Nilimuuliza kwa upole kama anaweza kutangulia na daladala. Akaniuliza kwa upole kama mimi ninaweza kupima pweza. Mazungumzo yakaishia hapo.

Baharia, kona nimezihesabu leo asubuhi. Kumi na saba, na moja imepita kati ya mnazi na kisima. Siku hizi naipita kwa kuweka mguu chini.

Ubavuni mwa tairi nimekuta 47P kweli. Nilikaa nikaitazama kwa muda.

---

Binti Makorora

Kaka, kwani lazima sanduku liwe moja na liwe juu? Kule Sahare wapo wanaobeba dagaa kwa masanduku mawili ya ubavuni, kama matenga ya punda. Yanakaa chini, mbele ya ekseli, na kiti kinabaki cha dada.

---

Mzee Spoki, Ngamiani

Binti ametumaliza wote. Ila kiunzi chake kishike kwenye fremu, kisishike kwenye uma, la sivyo kilo 80 zitakuwa zinaruka na gurudumu. Na jihadhari na eksozi.

---

Mvuvi wa Nchi Kavu

*Baada ya wiki sita*

Narudi kutoa taarifa, maana nachukia mtu akiuliza, akajibiwa, akapotea.

Uma sijaukata. Nimebadilisha: rimu 2.15 ya chuma, tairi 100/90-18 la kashata ya wastani lenye 56 ubavuni, tyubu ya kipimo chake, sproketi 42, cheni mpya yenye pingili mbili zaidi. Mzee Spoki alisuka gurudumu kwa asubuhi moja nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, akanikatalia kulipia chai. Kulinganisha magurudumu alitumia mshipi wa kuvulia, kaufunga nyuma ya tairi la nyuma, akauvuta pande zote mbili hadi mbele. Tuligundua pikipiki yangu ilikuwa imetembea upande kwa milimita 6, sijui tangu lini, labda tangu 2009.

Kati ya tairi na cheni kumebaki 7, siyo 8. Nilimwonyesha. Akasema moja ni ya serikali.

Masanduku mawili nimetengeneza mwenyewe kwa mbao za mnazi kukuu na fomu ya friji iliyokufa. Kila moja kilo 40 likijaa. Kiunzi ni chuma cha pembe, kimeshika fremu mahali patatu kila upande. Upana wote umefika sentimita 84, na ile kona ya kisimani ilinidai ngozi ya kifundo cha mkono mara mbili kabla sijaizoea.

Mchanga sasa. Nafika mwanzo wa minazi, mke wangu anashuka, natoa upepo hadi 18, napita gia ya kwanza na ya pili. Siku nne za bamvua iliyopita nimesukuma mara moja, na hiyo ilikuwa kosa langu, nilisimama katikati kumsalimu mtu. Ukisimama mchangani umejitakia. Yeye anatembea zile kilomita mbili na kina mama, anasema ndipo anapopata habari za bei, hataki tena kupanda hata nikimwambia apande. Kujaza upepo kwa pampu ya mkono kutoka 18 hadi 30 ni mapigo kama mia na hamsini. Mwanangu anahesabu kwa sauti siku za Jumamosi.

Ngazi ya pantoni tumepanda juzi maji yakiwa chini kabisa. Gurudumu la mbele halikunyanyuka. Wale waliocheka mara ya kwanza walikuwepo, na nilihakikisha wamenitazama.

Kasi imepungua kweli, barabarani sipendi kupita 60 sasa, injini inalia. Mafuta naona yameongezeka kidogo kwenye lami na kupungua mchangani, sijapima vizuri.

Lililobaki ni eksozi. Mzee alinionya, nikadhani anazungumzia mguu. Sanduku la kulia liko juu yake, barafu yake ilikuwa maji kabla ya kufika Kigombe, wakati la kushoto ilibaki mabonge hadi Tanga. Nimeweka bati kati yake na sanduku, nikaacha uwazi wa vidole viwili ili upepo upite, afadhali sana lakini bado halijalingana. Kwa sasa kulia naweka pweza, barafu naijaza zaidi, na ndio wanaoshuka kwanza. Kolekole na changu wanakaa kushoto. Kama kuna mtu amewahi kuzungushia eksozi ile kamba ya kuzuia joto, aniambie kama inavumilia maji ya chumvi.

Tairi la 3.00-18 la zamani lipo, lina meno kama nusu. Ambaye gurudumu lake la nyuma halibebi zaidi ya kilo 175 aje achukue.